Motivasyo si bahasha: filamu "Examen d'État" na oditwari zetu



Mu inchi yetu kuna neno moja lililobadilika maana mbele ya macho yetu na hakuna mtu aliyelililia. Neno lenyewe ni motivasyo. Kiswahili cha vitabu kinasema motisha: ile nguvu inayomfanya mtu aamke mapema, afungue daftari, arudilie hesabu iliyomshinda jana. Lakini uliza mzazi yeyote wa Kisangani, Bukavu ao Lubumbashi motivasyo ni nini. Hatakuambia habari ya nguvu. Atakuambia bei. "Motivasyo ya mwezi huu sijalipa bado." Kwetu motivasyo ni makuta ambayo mzazi anatoa ili mwalimu akubali kufundisha mtoto wake.

Leo nataka tuongee juu ya filamu inayoonyesha jambo hilo kuliko ripoti nyingi: Examen d'État ya Dieudo Hamadi, iliyotoka mu 2014. Ni filamu ya shule ya sekondari, na sisi hapa ni watu waliomaliza chuo kikuu. Lakini ninaona inatuhusu sana. Wale vijana tunaowaona ndani njo wale wanaoingia mu oditwari miezi michache kisha ekzame. Wanaingia na diploma, na wanaingia pia na namna fulani ya kuelewa masomo waliyofundishwa na bahasha. Profesa anayewapokea naye ana bahasha yake mu kichwa. Hapo njo kuna shida ninayotaka kugusa: hamu ya mwanafunzi na hamu ya profesa zinategemeana, na sisi tumeziachia zitegemeane kupitia pesa na pointi tu.

Filamu yenyewe

Hamadi ni mtoto wa Kisangani. Alirudi kwao na kamera, akafuata kikundi cha wafinalisti wanaojitayarisha kwa Ekzame ya Serikali, ile karatasi ambayo bila hiyo mlango wa chuo kikuu haufunguki. Mara na mara tunaona wanafunzi wanatolewa mu klasi. Hawakufanya fujo, hawakulala ku banki. Kosa lao ni moja: hawajalipa prime ya walimu. Basi wanatoka, na kwa sababu ekzame haingoji mtu, wanapata nyumba na kufanya maki. Kila mmoja wetu aliyepita mu maki anajua maisha yale: godoro chini, sufuria moja ya watu kumi, usiku kucha mtu anasoma kwa sauti na wengine wanarudilia. Tunawaona pia mitaani wakitafuta namna ya kuishi, na tunawaona mu maombi, kwa sababu siku zikikaribia, hofu inakuwa kubwa kuliko kitabu.

Nguvu ya filamu hii ni kwamba haihubiri. Hakuna profesa anayeletwa mbele ya kamera kutufafanulia "mgogoro wa elimu". Hamadi anakaa karibu na vijana, anawaacha waongee, wabishane, wacheke. Mtazamaji anafika peke yake ku jambo ambalo hakuna hotuba ingelisema vizuri hivyo: shule inawafukuza watoto hawa juu hawana motivasyo, na watoto haohao wanaenda kukesha juu ya daftari juu wana motivasyo. Neno ni moja, maana mbili, na maana ya pesa imefukuza maana ya moyo kutoka mu klasi. Moyo umehamia mu maki.

Lakini angalia vizuri ni moyo wa namna gani. Mu maki hawasomi juu wanapenda fizika ao filozofia. Wanasoma ili wapite. Ile hamu ni ya kweli, ni kali, inaweza kumfanya mtu asilale siku tatu, lakini imeelekea ku karatasi tu. Ndiyo sababu maombi na njia za mkato zinapata nafasi pembeni ya kitabu: kama lengo ni karatasi, kila njia inayofika ku karatasi ni njia. Mtu asiwalaumu vijana haraka. Tangu mtoto aingie klasi ya kwanza alionyeshwa kwamba masomo ni kitu kinachonunuliwa kwa awamu. Sasa kwa nini akifika mwaka wa sita aamini kwamba ni kitu cha kupenda?

Pahali ambapo filamu inanipa njaa ni upande wa walimu. Kamera inakaa na wanafunzi, ni haki yake, lakini walimu tunawaona zaidi wakati wa kudai. Hatufuati mmoja wao mpaka kwake, hatuoni anakula nini, hatujui alianza kazi na ndoto gani. Mtazamaji wa Ulaya anaweza kutoka akifikiri kwamba shida ya Kongo ni walimu wenye roho mbaya. Sisi tunajua historia. Mwanzo wa miaka ya 1990, walimu waligoma kwa sababu Serikali haikuwalipa mshahara unaotosha hata chakula. Ili watoto wasikae nyumbani, wazazi na wasimamizi wa shule, Kanisa Katoliki likiwa mbele, wakakubaliana kwamba wazazi wenyewe wawasaidie walimu. Msaada ule ukaitwa motivasyo. Ulikuwa dawa ya dharura, kama maji ya chumvi wanayokutundika ku hospitali. Lakini mgonjwa alibaki na ile sindano ku mkono karibu miaka 30, mpaka Septemba 2019 wakati elimu ya bure ilipoanza mu shule za msingi za Serikali. Sekondari iliendelea kulipa, na chuo kikuu hakikuguswa kabisa.

Basi mwalimu wa filamu ile ni mtu aliyewekwa na mfumo katika hali ya kumwangalia mtoto na kuona deni. Hata kama anampenda. Kila asubuhi, mbele ya somo, kuna hesabu: nani amelipa, nani hajalipa. Na mtoto naye anamwangalia mwalimu na kuona mtu anayekuja kuchukua. Macho mawili hayo yakishazoea kuonana hivyo, ni ngumu sana kuyazoeza kuonana namna ingine.

Kutoka maki mpaka oditwari

Tuje sasa kwetu. Mu vyuo vikuu vya Serikali jina limebadilika: hatusemi motivasyo, tunasema prime lokale. Lakini njia ni ileile. Mwanafunzi analipa pesa za masomo, na sehemu ya pesa ile inaenda kuongeza mshahara wa maprofesa, ma-CT na maasistenti. Kwa wengine haiongezi kitu, njo mshahara wenyewe, maana mu kila taasisi kuna watu waliokubaliwa kazini zamani na hawajamekanizwa: Serikali inajua wanafundisha, lakini jina lao haliko ku listi ya malipo. Asistenti kama huyo anaishi juu ya minervali ya wale anaowafundisha. Wanafunzi wakichelewa kulipa, yeye hali. Yeye akigoma, wao hawasomi. Mnaona kamba ilivyofungwa?

Kisha kuna profesa mgeni. Sote tumemjua. Anatoka Kinshasa ao Lubumbashi kwa ndege, ana saa 45 ao 60 za kumaliza kwa wiki moja ao mbili, kwa sababu wiki inayofuata anangojewa mu mji mwingine. Anafundisha asubuhi mpaka jioni. Wanafunzi 300 mu chumba cha watu 150, wengine wako ku dirisha. Anasoma silabusi, wao wanaandika. Silabusi yenyewe inauzwa, na CP anazunguka na listi ya walionunua. Siku ya tatu mtu mmoja anainua mkono, na swali linalotoka ni hili:

"Prof, hii sehemu iko ku ekzame?"

Watu wanacheka, profesa anakasirika ama anatabasamu, na anasema iko ao haiko. Kama haiko, kalamu 300 zinalala mara moja.

Mimi ninaona swali lile njo ripoti nzuri kabisa ya hali ya chuo kikuu chetu. Profesa analisikia kama dharau: hawa watoto hawapendi kujua. Mwanafunzi analiuliza kama mtu wa akili: nina siku tano za kubloke silabusi nne, niambie pa kuweka nguvu. Wote wawili wana haki, na wote wawili wanatoka pale wamepungukiwa. Mwaka unaofuata profesa hatatayarisha mfano mpya, maana hakuna anayeuhitaji. Na wanafunzi wa mwaka ule, wakiona silabusi ni ileile ya zamani hata makosa ya kuchapa ni yaleyale, nao hawatasoma kitu kingine zaidi yake. Profesa anangoja wanafunzi wenye hamu ili afundishe vizuri. Wanafunzi wanangoja profesa anayefundisha vizuri ili wapate hamu. Kila mmoja anamngoja mwenzake ku kituo ambacho basi halipiti.

Mambo haya si ya Kongo peke yetu, na yamechunguzwa. Mu 1993 watafiti wawili wa Marekani, Ellen Skinner na Michael Belmont, walitoa utafiti juu ya watoto 144 wa shule ya msingi na walimu wao, waliofuatwa mwaka mzima wa masomo. Waliona mambo mawili. La kwanza tulilitegemea: mwalimu akijihusisha na mtoto, akionyesha kwamba anamjua na anamjali, hamu ya mtoto inapanda. La pili njo la kuuma: mwalimu naye anamjibu mtoto. Yule anayeonyesha hamu mwanzoni mwa mwaka anapata mwalimu mwema zaidi mwaka ukiendelea. Yule aliyenyamaza, ambaye alihitaji msaada zaidi, anapata mwalimu anayezidi kurudi nyuma. Yaani ule mzunguko unainua wenye moto na unazamisha wenye baridi, na hakuna mtu aliyeamua iwe hivyo.

Wale walikuwa watoto, na klasi zao hazikuwa na watu 300. Lakini sema ukweli: mu promosyo yenu, profesa alijua majina ya nani? Alijua majina ya wale watano wa banki ya mbele waliouliza maswali mwezi wa kwanza. Hao aliwaongelesha, aliwapa vitabu vyake, mmoja wao leo ni asistenti wake. Wengine 295 walikuwa kelele tu. Hatukusema kwamba wale watano walijenga profesa wao na profesa akawajenga. Tulisema wana kipaji, ao tulisema "bako branshe".

Hilo neno branshe linatuonyesha upande mubaya wa mambo, na ukurasa kama huu haupashwi kulikwepa. Mahali ambapo njia ya haki ya kufika ku moyo wa mwalimu haipo, inafunguka njia ya nyuma. Mwingine anapitia makuta. Msichana anaambiwa, waziwazi ao kwa kuzungushwa, kwamba pointi zake zina bei ambayo si ya makuta. Wanaume mu promosyo wanatengeneza maneno ya kuchekesha juu ya pointi zile, na kicheko kinageuza mtu aliyeonewa kuwa mtu aliyefaidika. Mimi ninasema ile nayo ni tunda la mti uleule. Ukishakubali kwamba kinachomsukuma mwalimu ni kitu anachopokea mkononi, umekwisha kufungua soko, na mu soko mwenye nguvu njo anayepanga bei.

Pesa inafanya nini mu moyo

Hapa mtu ataniambia: "Ndugu yetu, unahubiri. Mkono mtupu haulambwi. Lipa kwanza profesa, kisha umwambie habari ya moyo." Nakubali nusu ya kwanza kabisa. Profesa asiyelipwa anapashwa kulipwa, na asistenti asiyemekanizwa anapashwa kumekanizwa, bila majadiliano ya saikolojia. Mtu akitumia maandishi kama haya kusema kwamba walimu wafanye kazi kwa upendo tu, huyo anawaibia mara ya pili.

Lakini swali ni hili: pesa ikiisha kufika, hamu inarudi yenyewe? Mu 1971 Edward Deci, mtaalamu wa saikolojia wa Marekani, alitoa majaribio aliyofanya na wanafunzi wa chuo kikuu. Aliwapa mchezo wa kupanga vipande unaoitwa Soma, mchezo ambao watu wanaupenda bila kusukumwa. Kundi moja likacheza hivihivi. Kundi lingine, kwa kipindi kimoja tu, likalipwa dolari moja kwa kila umbo walilofaulu. Kisha malipo yakaondolewa. Kila kipindi kulikuwa na wakati wa kuachwa peke yao, waguse mchezo ao wasome magazeti. Wale waliokuwa wamelipwa wakapunguza kuugusa mchezo. Jambo walilolifanya kwa furaha lilikuwa limegeuka kibarua, na kibarua bila malipo nani anakifanya?

Wasomi wamebishana sana juu ya majaribio ya namna hiyo, na si kila malipo yanaua hamu. Mshahara wa mwezi unaokuja bila kuhesabu kila kitendo ni tofauti na dolari inayofungwa ku kitendo kimoja. Lakini tofauti hiyo njo inayotuhusu! Sisi tulichojenga si mshahara. Tumejenga dolari ya kila kitendo. Silabusi ina bei. Karatasi ya ekzame ina bei. Kuongozwa mu memwari, mu taasisi fulanifulani, kuna "mafuta ya gari" na "kikombe cha chai" ya siku ya kutetea kazi, ambayo mwanafunzi masikini anaikopea. Kila tendo la kufundisha limeandikiwa bei yake ndogo, kama vipande vya Soma. Halafu tunashangaa kwamba profesa hafanyi tendo ambalo halina bei: kusoma kazi ya mwanafunzi polepole, kumjibu mu koridori, kumwambia "rudi kesho na swali lako".

Na upande wa mwanafunzi ni vilevile. Pointi njo dolari yake. Hafungui kitabu ambacho hakina pointi. Tumemzoeza. Kutoka klasi ya kwanza mpaka lisansi hakuna siku aliyoulizwa "umefikiri nini?" bila kuambiwa ni ju ya ngapi.

Sasa LMD imeingia. Kutoka mwaka wa masomo 2021-2022 vyuo vyetu vinapashwa kufuata mfumo ule wa kredi, na kredi hazihesabu saa za profesa peke yake. Zinahesabu pia kazi ya mwanafunzi mwenyewe: kusoma, kutafuta, kuandika peke yake. Ni mfumo mzuri, lakini mwangalie umejengwa juu ya nini. Umejengwa juu ya mwanafunzi anayetafuta bila kusukumwa na profesa anayefuatilia kazi bila kuhesabu kila karatasi. Ni kusema, umejengwa juu ya kitu kilekile ambacho bahasha iliua. Tukibadilisha majina ya miaka na kuacha swali "iko ku ekzame?" palepale, LMD itakuwa herufi tatu mpya ku mlango wa zamani.

Nani aanze?

Kama kila mmoja anamngoja mwenzake, lazima mmoja aanze. Mimi ninasema aanze profesa, na asistenti pamoja naye. Si kwa sababu wanafunzi ni malaika. Ni kwa sababu yeye njo ana kalamu ya pointi. Mwenye nguvu akinyoosha mkono ni mwaliko. Asiye na nguvu akinyoosha mkono kwanza, watu watasema anataka kubransha, na mara nyingi yeye mwenyewe anaogopa hivyo.

Kuanza si kitu kikubwa, na si kitu cha pesa. Mu mwaka wetu wa pili kulikuwa na asistenti mmoja, jina lake naliacha, ambaye alikuwa haja­lipwa na Serikali hata siku moja. Alitupa TP kama wengine. Tofauti ni kwamba aliturudishia. Na juu ya kila kazi, kwa bike nyekundu, alikuwa ameandika sentensi mbili ao tatu: hapa umenakili, hapa umefikiri, hapa sikubali, nionyeshe. Promosyo nzima ilichanganyikiwa. Hatukuwa tumewahi kurudishiwa TP; tulijua kwamba TP inaenda ku mahali ambapo TP zote zinaenda. Kwa TP ya pili, watu waliandika namna ingine kabisa, juu walijua kuna mtu ataisoma. Yeye naye alibadilika. Alianza kufika na mifano iliyotoka mu kazi zetu: "Mmoja wenu aliandika hivi, tumjibu." Hakuna aliyelipa kitu. Tulimsoma, akatusoma.

Nimesema mambo ya TP kwa sababu hapo njo pahali ambapo mambo yanapotea kila siku. Mwanafunzi anayeandika kurasa 15 na hakuna anayezisoma anafundishwa jambo moja tu: kwamba fikra zake hazina msomaji. Baada ya mara tatu ataenda ku sekretaria ya mtaani, atanunua TP ya mwaka uliopita na atabadilisha jina. Na profesa akigundua kwamba TP ni za kunakili, ataacha kuzisoma. Kila mmoja atakuwa na ushahidi wa kutosha kwamba mwenzake hataki kazi.

Mtaniambia: kazi 300, mtu mmoja, atasoma saa ngapi? Jibu ni kwamba asitoe kazi kumi ambazo hatazisoma. Atoe moja, ya kurasa mbili, azigawanye na maasistenti wake, azirudishe. Kazi moja iliyosomwa inajenga kuliko kumi zilizotupwa. Na profesa wa wiki moja aanze saa ya kwanza na swali la mji anamofundisha, si la silabusi: kama ni ekonomi, kwa nini dolari inapanda Uvira na kushuka Bukavu; kama ni sheria, kwa nini viwanja viwili vina hati moja. Watu wa 300 wana jibu la swali kama hilo, hata yule wa dirishani.

Wanafunzi nao wasikae wakingoja. Utafiti ule wa 1993 una habari njema ndani ya habari mbaya: mwanafunzi ana nguvu juu ya mwalimu wake. Swali moja la kweli, lililotoka mu kusoma, linaweza kumwamsha profesa aliyekuwa amelala miaka kumi. Nimeona mzee mmoja wa sayansi aliyekuwa anasoma karatasi zilizogeuka rangi ya chai akiziweka pembeni kwa sababu ya swali la binti mmoja, na saa mbili zilizofuata alifundisha kama mtu mwenye umri wa miaka 30. CP anayezungusha listi ya silabusi anaweza kuzungusha pia listi ya maswali matatu ya promosyo. Maki ya sekondari ilikuwa ya kupita ekzame, lakini akili ya maki, ya watu kukaa pamoja usiku na kufundishana, ni mali. Kwa nini tuliiacha ku mlango wa chuo kikuu?

Narudi ku filamu kwa kumaliza. Kitu Hamadi alichokamata vizuri kuliko wote ni kwamba mu vijana wetu moto haukuzimika. Ulitolewa mu klasi tu. Filamu haionyeshi nani atawarudisha ndani, na labda si kazi ya filamu. Ni kazi ya watu wanaosoma hapa. Kati yetu kuna maasistenti, kuna ma-CT, kuna wachache wamekwisha kuwa maprofesa, kuna wengi ambao leo ni wazazi na mwezi huu watalipa tena ile bahasha. Tuendelee kudai mshahara wa haki kwa sauti kubwa. Lakini tusiendelee kuita bahasha motivasyo. Tuiite jina lake: deni la Serikali lililobebeshwa mzazi. Na ile motivasyo ya kweli tuiache irudi ku kazi yake, yaani mtu mmoja anaonyesha kwamba amemsoma mwenzake, na mwenzake anajibu.